Kazi ya Kwanza ya Mtambo

Kiwandani kwa Mzee Castory, Katubuka, pipa la kuchemshia mawese lilisimamiwa na kompyuta ndogo iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma. Fundi wake, Gervasi, ndiye aliyeipangia kazi. Kwanza ilinde joto la pipa na kufunga mvuke unaolichemsha joto likizidi. Pili itume hesabu za mafuta kwenye simu ya bosi. Ya kwanza ikitaka nafasi, ya pili hukaa kando.

Asubuhi moja Mzee Castory aliingia na simu mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Gervasi, hesabu zako zinanifikia zimechacha. Mimi nikae mkiani kwenye mashine yangu mwenyewe?"

"Hapana, Mzee."

Nyumbani kwao Gervasi, hakuna mkono uliogusa ugali kabla ya mkono wa mkubwa. Alifungua kabati, akaipandisha kazi ya simu juu, ya joto akaishusha chini yake. Kutuma ni kufumba na kufumbua, alijiambia. Hakuukumbuka mtandao.

Minani, mpika mafuta, Mrundi mcheshi aliyeimba naye kwaya, alimtania: "Fundi, naona umeifundisha mashine adabu."

"Sasa inamjua mkubwa wake."

Minani alicheka, akapanda ngazi kuengua povu.

Mchana mtandao ukakatika. Kompyuta ikang'ang'ania kutuma, ikisubiri jibu lisilokuja, na kazi ya joto ikasubiri nyuma yake, kama ilivyoamriwa. Hakuna kilichofunga mvuke. Mafuta yakafura, yakamrukia usoni Minani, aliyekuwa tena juu ya ngazi akiengua povu.

Hospitalini daktari alisema macho yote mawili yamekwenda. Consolate, mke wa Minani, alikuwa ameketi sakafuni.

"Shemeji, ni mimi niliyepanga vile," Gervasi alisema.

"Kwa nini?"

"Mzee alitaka..."

"Gervasi?" Minani aliita kutoka kwenye bandeji. "Tuombee. Mimi midomo inauma."

Gervasi alipiga magoti. Maisha yake yote hakuwahi kukosa la kumwambia Mungu. Aliyatafuta macho ya rafiki yake ndani ya moyo wake ayaombee, lakini ombi lililotangulia, lililoyasukuma mengine yote nyuma, lilikuwa moja: Bwana, nisifungwe.

Akaona haya kulitamka.

Minani aliendelea kungoja, mikono ameikunja kifuani, apate pa kuitikia amina.