Kila Kidude na Kwao

Lori la zimamoto la Soren lilikuwa dogo, la plastiki, limeng'oka gurudumu moja, nalo ndilo lililomwangusha Bi Verna. Alikuwa anatoka jikoni na bakuli la viazi vya kuoka, akalikanyaga, chini puu, nyonga ikavunjika. Hata anapakiwa kwenye gari la wagonjwa alikuwa bado anauliza kama bakuli limepona. Wazee wa kule Minnesota, Marekani, ndivyo walivyo, hata kufa wataomba radhi kwanza.

Leland, mwanawe, dereva wa basi la shule, akabaki peke yake na watoto: Tilda wa miaka mitano na Soren wa mitatu. Mkewe alikwenda zake siku nyingi, na mlezi hasa wa watoto wale alikuwa huyo Bi Verna. Sasa yuko kituo cha mazoezi ya viungo, anajifunza kutembea upya, na Marlys, dada mkubwa wa Leland, ameshapitisha hukumu. Marlys si mtu wa kelele. Alipiga simu akasema kwa upole kwamba amempatia mama nafasi katika nyumba ya wazee huko mjini kwake, kwamba mama si yaya, na kwamba Jumapili atakuja kuiona hiyo sakafu iliyojaa vidude vya kuchezea kwa macho yake. Leland alijua mama akishaingia kule hatoki. Ila hakuwa na la kujibu, maana wakati dada anaongea yeye alikuwa amesimama juu ya tofali la plastiki la kuchezea, na lilikuwa linamchoma.

Kujaribu kuwafanya watoto waokote vidude vyao, alijaribu. Alihesabu mpaka tatu kwa sauti ya kutisha. Watoto wakaipenda hesabu, wakaendelea nayo mpaka kumi. Alileta mfuko wa taka, akaapa kutupa kila kilichoko chini, na Soren akamsaidia kuujaza kwa furaha, akatia na viatu vya babake. Aliahidi aiskrimu. Hapo sakafu ilisafika kufumba na kufumbua, kumbe kila kitu kimesukumwa chini ya kochi, na aiskrimu ilipoisha kikavutwa tena nje. Watoto wa watu walimtii basini kwa jicho tu, lakini wa kwake mwenyewe ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Ilimuuma, tena ilimtia aibu.

Alhamisi alikuwa akigongomea ubao wa ngazi ya mlangoni uliolegea, na alipomaliza alikwenda gereji kurudisha nyundo. Mkono ukaitundika wenyewe, hata hakutazama. Marehemu baba yake alikuwa amezichora zana zote ukutani kwa rangi nyeusi, kila moja umbo lake: nyundo, msumeno, koleo. Kitu kikitoka, umbo linabaki wazi, linakukodolea macho. Leland alikulia mbele ya ukuta ule na hakukumbuka siku hata moja aliyofokewa arudishe nyundo. Akachukua kalamu ya wino mzito akaingia ndani kuwaita watoto.

Walivitandaza vidude kwenye rafu za sebuleni wakavizungushia wino kimoja kimoja, kila kidude kiache umbo lake. Tilda alichora ametoa ulimi nje kwa bidii. Soren alitaka achorwe mkono wake, ukachorwa, akawa anaurudisha mahali pake kila alipokumbuka. Jioni ile umbo moja lilibaki tupu, na Tilda akagoma kula.

"Baba, zimamoto halijarudi kwao."

Walilikuta ndani ya buti la theluji. Usiseme watoto waligeuka malaika. Ijumaa walipigana ni nani arudishe dubu. Lakini walipigania kurudisha, na Leland hakuwahi kuona ugomvi mtamu kama ule.

Jumapili Marlys alifika na pikapu na sinia la keki. Alivua viatu, akapita sebule nzima, akainama mpaka chini ya kochi. Hakuna kitu. Leland akaanza kupata matumaini.

"Umefanya vizuri, mdogo wangu," alisema Marlys. "Ila sakafu ya Jumapili siyo ya Jumatano."

Akaeleza kwamba pikapu ameileta kwa ajili ya kiti cha mama, kile cha mikono karibu na dirisha, ili huko aendako mama awe na kitu cha kwake. Leland alitaka kukataa. Lakini kwa kuwa kwao mtu habishani na mgeni aliyekuja na keki, alishika upande mmoja, Marlys akashika wa pili, wakanyanyua.

Chini, kwenye mbao ambazo Bi Verna alizisugua maisha yake yote, palikuwa na maduara manne meusi, kila mguu na lake. Mbele ya maduara hayo zilichorwa nyayo mbili za ndala. Marlys akauliza nani amechafua sakafu ya mama.

"Mimi," alisema Tilda. "Hapo ni kwao Bibi." Hakuwa anajibu kwa ujeuri, alikuwa anamweleza mgeni utaratibu wa nyumba. "Kitu ukimaliza kukitumia unakirudisha, Shangazi. Bibi mlimchukua, hamjamrudisha."

Kiti kilikuwa bado mikononi mwao. Leland alisema lile lililomshinda kwenye simu.

"Nataka mama arudi, Marlys. Siyo wa kulea watoto. Namtaka mimi."

"Na akianguka tena?"

"Haitakuwa kwa kitu chetu."

Marlys alizitazama zile nyayo za ndala, pua imekuwa nyekundu. Kisha akashusha upande wake.

"Haya. Lakini nitakuja Jumatano, tena bila simu."

Tilda alikuwa ameshapiga magoti anakagua.

"Shangazi, mguu wa nyuma bado."

Marlys akarudi, akausukuma kwa goti mpaka ukaingia kwenye duara lake.