Gari la Wiki Tatu

Watu walimwita mume wangu Jeki, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuinua magari. Unamletea gari la mjini, tumbo liko shibiri moja kutoka chini, anakurudishia gari la kuvuka mto na kupanda mawe. Mimi nilishona viti vya magari hayohayo. Kibanda changu na gereji yake vilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, na kwa miaka ishirini na sita tuligombana kupitia tundu la ukuta huo bila mtu kuacha kazi yake. Yeye aliniita Sindano. Alisema ni kwa ajili ya ushonaji, lakini wateja walicheka kabla hajamaliza kusema.

Katika miaka yote hiyo hakuwa na gari. Kinyozi hajinyoi, nilimwambia, lakini wewe umezidi, ndevu zako zimefika magotini. Alicheka, ingawa jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kwao ni juu mlimani, ng'ambo ya daraja lililokatika zamani na halikujengwa tena. Gari la kawaida huishia hapo. Aliondoka kule kwa miguu akiwa na miaka kumi na saba, baada ya kukosana na kaka yake, na siku ya kuondoka aliapa mbele ya mama yao kwamba atarudi akiwa ameshika usukani wa gari lake mwenyewe. Mama akafa, hakwenda. Wapimaji wa ardhi, wawindaji, watoto wa matajiri, wote walipanda kwao kwa magari aliyoyainua yeye, wakarudi kumwonyesha picha. Walipomwomba wamchukue alikuwa na jibu moja tu: "Mimi siendi kwetu kwa lifti."

Halafu kikaja kikohozi. Miaka thelathini ya moshi wa kuchomelea na vumbi la chuma ilikuwa imekaa kifuani mwake, ikingoja. Siku ya majibu ya vipimo tulikwenda hospitali pamoja, tukaambiwa maneno ya juu juu, tukaondoka. Kesho yake, Jumanne, nilifuata dawa peke yangu, na daktari akafunga mlango. Akasema nihesabu miezi, nisihesabu miaka. Nikatoka pale nimevaa uso wa mtu anayekwenda sokoni. Nyumbani nikamwambia daktari amesisitiza apunguze vumbi. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Mimi niliyaficha maradhi ya mtu mwingine, tena nikimficha mwenyewe.

Wiki hiyohiyo nikamwambia, "Tutafute gari lako."

Alinitazama. "Leo jua limechomoza upande gani?"

"Unataka au hutaki?"

Alitaka. Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, nje ya mji, kwa sababu yeye siku zote alisema gari la kuinuliwa litafutwe miongoni mwa magari ya kifahari yaliyochakaa. Tajiri huliuza gari siku taa ya kwanza ya hitilafu inapowaka, alisema, na chini ya ngozi na vioo vyeusi mara nyingi kuna mifupa ya lori. Sheria zake nilizijua kwa moyo, nimezisikia kupitia tundu la ukuta akiwafundisha wateja. Usitazame uso wa gari, lala chini utazame tumbo. Gari liwe na fremu yake ya chuma, bodi ikae juu yake. Vitufe viwe vichache, kila kitufe ni mgonjwa wa kesho. Na ya mwisho, ambayo aliisema kwa ukali kama anamkanya mtoto: gari lililozama majini usiliguse, hata upewe bure.

Dalali alitupokea na kitambaa cha kung'arishia mkononi. Lilikuwepo jeupe kwanza, refu, linameremeta. Mume wangu alichungulia chini akainuka. "Halina fremu. Hili ni la kupelekea maharusi," akasema, tukapita.

La pili lilikuwa la kijani, rangi ya mboga iliyopikwa ikasahauliwa jikoni. Alilala chini yake na tochi kwa karibu robo saa. Mimi nilichuchumaa pembeni nikisikiliza anavyopumua. Kiwandani magari ya aina hiyo huwekewa mifuko ya upepo badala ya springi, ili tajiri asisikie mashimo, lakini hili kuna mtu mwenye akili alikwisha kulibadilishia springi za chuma. Fremu ilikuwa kavu, haina kutu, haijawahi kuungwa. Nilipanda ndani kufanya kazi yangu. Viti vilikuwa vimepasuka pembeni, kupasuka kwa kawaida kwa kukaliwa na watu. Sponji ilikuwa nzima.

Alipotoka chini nilimuuliza, "Vipi?"

"Safi."

"Kazi yake?"

"Springi ndefu zaidi. Tairi kubwa. Bamba la chuma chini ya injini. Bomba la kuvutia hewa lipandishwe mpaka usawa wa paa, lisinywe maji mtoni." Akajipangusa mikono. "Wiki tatu."

Alisema wiki tatu kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari mbaya. Mimi sikuisikia. Mimi nilikuwa nahesabu: wiki tatu, kisha siku moja ya safari, tumefika kwao. Nilifurahi hadi nikamtania dalali kuhusu miwani yake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lile jeusi dalali alilitembeza yeye mwenyewe, akatushika mikono mpaka mwisho wa uwanja kutuonyesha. Lilikuwa limelala kifudifudi, tumbo linakaribia kugusa kokoto, kwa sababu mifuko yake yote minne ya upepo ilikuwa imekufa. Ndani lilikuwa zuri kuliko chumba changu cha kulala. Ngozi rangi ya maziwa, mbao mlangoni, vitufe hata kwenye dari. Nikaingiza mkono chini ya kiti cha mbele, kwenye reli zake. Ukatoka na tope kavu. Nikapapasa springi za kiti, zikanibakishia kutu viganjani. Nikatazama uzi wa mishono: ulikuwa mweupe juu na wa kahawia chini, na mpaka wa rangi hizo ulikuwa usawa mmoja kwenye viti vyote vitano, kwenye milango pia.

"Limeogea wapi hili?" nikamuuliza dalali.

"Mama, gari lilioshwa tu."

"Likaoshwa mpaka kwenye mgongo wa kiti? Na samaki mliwatoa, au wanauzwa pamoja?"

Dalali akakumbuka kwamba simu yake inaita, akasogea pembeni. Nikageuka kumwambia mume wangu twende tukalichukue la kijani kabla hajatokea mtu. Nikamkuta ameweka kiganja juu ya boneti ya lile jeusi.

"Tunachukua hili," akasema.

"Lilizama."

"Najua. Nimelinusa kabla hujafungua mlango."

"Nyaya zote zitaoza. Giaboksi imekunywa maji. Madirisha yatajishusha yenyewe wakati wa mvua. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema lisiguswe hata likitolewa bure!"

"Fremu yake ni nzuri."

"Hata mifupa ya maiti ni mizuri, Jeki!" Nikawa napiga kelele uwanjani, watu wanageuka. Nilimwita mbishi, nikamwita mpumbavu, nikamwambia umri umemrudisha utotoni. Yeye alikuwa anatabasamu tu na kulipapasa lile gari. Hasira ikanipanda kichwani, nikatamka linalotamkwa na kila mtu kila siku, kwa mtoto asiyevaa viatu, kwa jirani asiyeshauriwa:

"Sikio la kufa halisikii dawa!"

Likanitoka. Nikaweka mkono mdomoni, na kitendo hicho ndicho kilichoniumbua. Maneno yangepita kama yanavyopita siku zote. Ule mkono haukuweza kupita.

Tabasamu lake likaondoka polepole. "Daktari alikwambia lini?"

Nilijaribu kusema ni msemo tu. "Jumanne," nikasema.

"Mimi nilimpigia simu Jumatatu jioni, akaniambia yote. Nikamwomba asikwambie." Akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Nasikiliza vitu vinavyokufa tangu nina miaka kumi na saba, Sindano. Ulidhani sitasikia hiki?"

Nililia, na sikujali nani ananiona. Halafu nikamshika shati. "Basi kama unajua, chukua la kijani! Wiki tatu. Unapanda kwenu, umeshika usukani wako, kaka yako anakuona. Unataka nini tena?"

"Na wiki ya nne?"

"Ya nne ya nini?"

"Wiki ya nne nitafanya nini? Nitakuwa nimefika. Nitakaa nje ya nyumba ya mama nikingoja." Akaligonga lile jeusi mara mbili kwa vidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. "Hili lina kazi ya miaka miwili. Mimi sijawahi kuacha gari njiani, unanijua. Asubuhi nitaamka kwa sababu kuna waya haujafungwa."

"Kifo hakiogopi waya."

"Najua. Niache nijidanganye kwa kitu ninachokifahamu."

Ningeweza kukataa. Nusu ya akiba ilikuwa jasho langu, na dalali asingelitoa gari bila mimi kukubali. Nilinyamaza. Nilimhurumia, nikadhani huruma ndiyo upendo, na kunyamaza kule sijakusamehe mpaka leo.

Tulilivuta kwa mnyororo hadi gereji. Akaandika kwa chaki ukutani, upande wake wa tundu, orodha ya kazi arobaini na moja: kutoa viti, kutoa zulia, kutoa nyaya, kukausha, kufungua giaboksi, kuondoa mifuko ya upepo, kuweka springi. Ya mwisho iliandikwa "viti vipya: Sindano". Kila jioni alifuta alichomaliza. Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba kila akifuta moja anaongeza mbili. Nilipomuuliza, alisema ndivyo magari yaliyozama yalivyo, hujui kilichooza mpaka ukifungue.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo likaingia gereji lile gari la kijani. Nililijua kabla halijazima injini. Lilikuwa limenunuliwa na mpimaji wa ardhi, mteja wake wa zamani, mtu mpole aliyeniita shemeji, na alitaka liinuliwe na lishonwe viti. Mume wangu aliacha lake akalishika la mtu. Siku nyingi aliketi kwenye kigoda akimwelekeza mchomeleaji wa jirani kwa kidole, lakini bolti zote alizikaza kwa mkono wake, alisema hilo hamwachii mtu. Mimi nilivifumua viti nikavishona upya. Kazi ilichukua siku kumi na tisa. Wiki tatu kasoro siku mbili, sawasawa na alivyosema akiwa amelala kwenye kokoto.

Mpimaji alikuja kulichukua akiwa na furaha. "Fundi, Jumamosi napanda kwenu. Nakuomba. Kaa mbele na mimi."

Niliacha cherehani. Nikabandika sikio kwenye tundu, na kama kuna siku niliomba kwa moyo wote ni ile.

"Siendi kwetu kwa lifti," mume wangu akasema.

"Nenda, wewe mtu!" nikapiga kelele kupitia ukutani. "Nenda, nakuomba! Nani anakuhesabia kiapo? Mama hayupo!"

Nikasikia hatua zake. Kisha sauti yake, karibu sana na tundu, haina pumzi. "Nitakwenda na langu."

Gari la kijani likaondoka. Nilipochungulia alikuwa amesimama ukutani akiandika kazi nyingine.

Alifariki siku kumi na sita baadaye, asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Kwenye mfuko wa shati kulikuwa na kipande cha chaki. Gari lake jeusi lilikuwa juu ya mawe manne, halina tairi, halina viti. Injini yake iliwaka mara moja tu, kwa dakika nne, na halikuwahi kusogea hata hatua moja. Ukutani zilibaki kazi sitini na tatu.

Kaka yake alituma ujumbe kutoka juu: mleteni alale pembeni ya mama. Maneno ya ugomvi wao hakuyataja. Mpimaji hakungoja kuombwa. Alirudi nyuma na gari lake mpaka mlangoni petu, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akasimama bila kujua la kufanya, kwa sababu jeneza halikuweza kuingia. Viti vilizuia.

"Niachieni mimi," nikasema.

Nikachukua spana ya mume wangu nikaingia ndani kuving'oa viti nilivyovishona mwezi uliopita. Bolti zilikataa. Alikuwa amezikaza kama azikazavyo siku zote, na ilinibidi nisimame na kuegemeza uzito wangu wote juu ya spana kabla ya ya kwanza kulegea. Zilikuwa kumi na mbili. Sikumruhusu mtu kunisaidia.

Njia nzima niliketi sakafuni, mgongo ubavuni mwa gari, kiganja juu ya mbao za jeneza. Darajani mpimaji alisimama kutazama maji, yalikuwa yamepanda, kisha akashuka nalo gari polepole mtoni. Maji yalifika katikati ya mlango na hayakuingia ndani. Ng'ambo kulikuwa na mawe, halafu utelezi, halafu mlima wenyewe. Nilitaka tukwame. Nilitaka springi ivunjike, tairi lizame, tushuke wote tusukume, ili niseme angalau amefika kwa shida, amefika kwa namna aliyoitaka yeye. Gari lilipanda tu, taratibu, kama alivyolitengeneza.

Hatukukwama hata mara moja.