Kura ya Kijicho

Babu yake alikuwa karani ambaye mwandiko wake ulibandikwa ukutani ili makarani wengine wauige. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, mtu ambaye akipita barabarani vijana walitupa sigara na kuchomekea mashati. Naye mwenyewe, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu tu, alifundisha mpaka mvi zikammaliza kichwa, akiwazoeza watoto wa watu kusema ukweli kwa sentensi kamili. Katika ukoo huo hapakuwa na mtu aliyewahi kuitwa barazani kwa fitina wala kwa matusi.

Mmoja tu ndiye aliyekengeuka, mdogo wake wa tumbo moja. Huyo alitoroka shule akaenda kukoroga zege, na watu wakamwita Zege hata jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Kwa miaka mingi Mwalimu alimhurumia, na huruma ile ilimpendeza sana. Kisha bei zikaanza kupanda. Unga ukapanda, sabuni ikapanda, nauli ikapanda, kodi za nyumba zikapaa. Pensheni ya Mwalimu ikabaki imekaa kitako. Alipokuja kuinua macho, Zege alikuwa juu, mwenye ghorofa la wapangaji lililopakwa rangi ya maziwa, na yeye alikuwa chini, akikata kipande cha sabuni kwa kisu ili kidumu. Huruma ikageuka. Mwalimu aliipa majina mengi ya heshima, akaiita uchungu wa haki, akaiita msimamo, lakini ilikuwa kijicho.

Kilichomchoma zaidi ni msingi uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Mjukuu wake alipohitimu uuguzi, Mwalimu alimwahidi mbele ya ndugu wote kwamba angemjengea nyumba pale, asilale chini ya paa la mtu. Kiinua mgongo kilitosha msingi peke yake. Saruji na nondo zikamkimbia bei, msingi ukaota magugu, kuku wa jirani wakawa wanataga humo. Zege alikuja akasema, "Kaka, niachie nimalizie. Mafundi ninao, mchanga ninao." Mwalimu akamjibu, "Ahadi yangu haihitaji kibarua."

Sasa kodi ya chumba cha muuguzi ilikuwa imepandishwa tena, naye alikuwa na mume na mtoto mchanga. Wasipopata nafuu, wangehamia mji wa mbali kwa wazazi wa mume, na Mwalimu alijua kwamba akienda huko, hatarudi.

Si yeye peke yake aliyebanwa. Wakazi wa mtaa waliitisha mdahalo katika ukumbi wa shule: je, waiombe halmashauri ya mji iweke kikomo cha kodi za nyumba? Muuguzi angetoa hoja, na Zege angeipinga. Kiti kilikuwa cha Mwalimu, pamoja na kengele yake ya shaba, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha wengi wao kujadiliana. Waliopita darasani kwake waliijua kanuni yake kwa moyo. Mwenyekiti hapigi kura. Kura zikilingana, anapiga moja tu, na hiyo huwapa wanaotetea mambo yalivyo. Maana badiliko sharti lipate nguvu kwa watu, si kwa mtu mmoja aliyekalia kiti.

Asubuhi ya siku ile Zege alipita nyumbani kwa kaka yake, akamkuta muuguzi uani, amekuja kumwamkia babu yake, mtoto mgongoni.

"Hodi! Mpinzani wangu yupo?"

"Yupo, na amenoa makucha," muuguzi akajibu.

"Basi nikwaruze taratibu, mimi mzee. Sikiliza. Nyumba ya chini pale ghorofani kwangu inaachwa wazi mwisho wa mwezi. Vyumba viwili, maji ndani. Ingieni, mlipe mnachoweza."

"Babu wewe! Unanihonga kabla ya mdahalo?"

"Nikuhonge wewe una nini? Namwonea huruma huyo mtoto. Nasikia analala kwenye beseni kama nguo zilizolowekwa."

Muuguzi alicheka mpaka akafuta machozi. Mwalimu, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Tangu aanze kusema, mjukuu huyu alimwita Zege "babu mdogo". Leo lile "mdogo" lilikuwa limedondoka, na hakuna aliyeinama kuliokota. Ghorofa angeweza kumwachia. Magari angeweza kumwachia. Hili alihisi linanyofolewa mwilini.

"Chai haipo," Mwalimu akasema. "Sukari imeisha."

"Sikuja kunywa chai, kaka. Nimekuja kusalimu."

"Umeshasalimu."

Ukumbi ulijaa hata watu wazima wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Muuguzi alisimama na sare yake, kwa kuwa alitoka zamu moja kwa moja.

"Tuliambiwa someni, mtaishi vizuri. Tukasoma," akasema. "Mimi nafunga vidonda, mume wangu anasomesha hesabu. Mshahara ukifika, kodi imeshakaa mlangoni inaungoja. Wazee wetu kwa kazi hizihizi walijenga. Sisi kwa kazi hizihizi tunahama. Hatuombi kupewa nyumba za watu. Tunaomba kodi isiruke bila kutuangalia tulipo."

"Eti sisi ni tabaka la kati!" fundi cherehani akapaza sauti kutoka nyuma. "Hilo tabaka mimi ndiye nalipima kiuno. Kila mwaka wananiletea suruali nizipunguze!"

Vicheko vikatikisa madirisha. Zege naye alicheka, kisha akainuka.

"Ndugu zangu, mnaniona nina kitambi mnadhani humu mna kodi zenu. Saruji ninayonunua leo si kwa bei ya jana. Mabomba yamepanda, rangi imepanda, ushuru wa halmashauri umepanda. Mkinifunga mikono, nani atajenga nyumba nyingine? Na nyumba zikiwa chache, ninyi wenyewe mtagombania—"

Kengele ikalia.

"Mwenyekiti, hata sijakolea."

"Muda wako umekwisha."

"Mbona mwenzangu—"

Ikalia tena, kwa nguvu zaidi. Watu wakatazamana. Muuguzi aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama babu yake kwa muda mrefu.

Mikono ikanyooshwa. Katibu akahesabu, akarudia kuhesabu, akaja kumnong'oneza Mwalimu kwamba pande zote mbili zimelingana.

Mwalimu akasimama. Kanuni ilikuwa mdomoni mwake, imeshaundwa sentensi kamili. Hapo akamwona Zege anajifuta jasho kwa leso ya hariri, na jasho lile likawa tamu kwake kuliko chochote alichoonja tangu bei zipande. Alitamani kuliona tena. Alijiambia kwamba hoja ni ya haki, na kweli ilikuwa ya haki. Lakini haikuwa haki iliyomfungua kinywa.

"Mwenyekiti anaunga mkono hoja," akasema.

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Zege akaikunja leso yake. "Haya, kaka. Wewe ndiye mjuzi wa sheria." Hakukasirika, na hilo likamuudhi Mwalimu kuliko matusi.

Kelele zilipopungua, mkono mmoja ulikuwa bado umenyooshwa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mwongozo," muuguzi akasema.

"Umeshinda. Kaa."

"Ndiyo sababu nimesimama. Kura zikilingana, mwenyekiti humpa nani?"

"We binti, umelogwa?" fundi cherehani akafoka. "Beba ushindi wako twende nyumbani!"

"Ushindi gani? Halmashauri wakisikia mwenyekiti kavunja kanuni yake mwenyewe, na mwenyekiti ni babu yangu, watatucheka na hoja wataitupa kapuni. Mimi nina mtoto analala kwenye beseni. Naitaka hoja hii kuliko yeyote humu, ndiyo maana sitaki ije kuanguka kwa aibu." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na babu mdogo hakumaliza kusema."

Lile neno lilikuwa limerudi mahali pake. Lilimrudia Mwalimu katika saa ambayo hakustahili kulisikia, akashindwa kuinua uso. Alishika ukingo wa meza kama mwanafunzi anayesubiri adhabu.

"Kura yangu ilikosea," akasema hatimaye. "Inakwenda kwa mambo yalivyo. Hoja imeanguka. Mpinzani anaweza kumalizia maneno yake."

"Nimeyasahau, kaka," Zege akasema. "Ile kengele yako imeniziba masikio."

Wengine walicheka, wengine walitoka wakisonya. Muuguzi alikuwa tayari anahama kutoka dawati moja hadi jingine, akiwabembeleza waliompinga waje mdahalo wa pili.

Mwalimu alimkuta mdogo wake nje, kando ya gari. Hakuna sentensi aliyowahi kuitunga kwa taabu kama ile.

"Mdogo wangu. Ule msingi."

"Una nini?"

"Una magugu."

"Nimeyaona. Na kuku pia."

"Lete mafundi."

Zege akamwangalia kwa pembe ya jicho. "Si ulisema huhitaji kibarua?"

"Njoo naye huyohuyo," Mwalimu akasema, akaondoka kabla mdogo wake hajamsoma usoni.

Kuta zilipanda. Kila jioni mafundi wakishaondoka, Mwalimu alitoka na timazi, akaitundika kona kwa kona kutafuta palipopinda. Hakupaona, na kila alipokosa kupaona, roho ilimchoma upya. Muuguzi alihamia humo na mumewe na mtoto. Mdahalo wa pili ulipofika, Mwalimu alikataa kiti. Alijibana kwenye dawati la watoto kando ya mdogo wake, na hoja ilipoitwa akanyoosha mkono wa kuiunga mkono, wazi, kama mkazi mwingine yeyote. Zege, aliyepinga, alimsogezea nafasi ya kiwiko.

Basi ninyi vijana mnaosimuliwa hadithi hii, acheni kunong'ona huko nyuma, msikie. Gombaneni juu ya bei na juu ya kodi, kwa kuwa nyumba ni jambo la kugombaniwa. Lakini kabla ya kunyoosha mkono, jiulizeni ni kitu gani kinauinua. Kikiwa kijicho, ushusheni. Sisemi tena.