Programu Moja kwa Ofisi Zote

Zamda alikuwa na maneno mengi, lakini kazi nayo aliijua. Programu ya ofisi iliyotoka dukani aliipangua akaipanga upya kwa ajili ya ushirika wa wafugaji. Aliweka mfano wa hati ya mnadani, akaondoa yasiyohitajika, na kuamuru kila kompyuta ijifunge ikiachwa kidogo bila kuguswa, isije ikachezewa. Vyote akavitia kwenye sidii moja. Makao makuu Korogwe aliiingiza katika mashine zote, na zote zikatii.

Handeni iligoma. Naitoi, karani wa tawi, alirudia taipureta yake, akilalamika kwamba programu inameza kazi. Meneja Jabiri akakata shauri.

"Twende wote. Ikishindikana leo, mashine inarudi Korogwe, na wafugaji watafuata hati huko huko."

Kwa mfugaji wa Kang'ata, mbali huko Handeni, hiyo ilikuwa safari ya kumkosesha mnada. Kwa Zamda lilikuwa tusi.

Walipofika alisalimia juu juu, akavuta kiti, akaijaribu programu. Ilikwenda bila shida.

"Dada Naitoi, mbona nzima?"

"Nzima kwako. Ngoja aje mtu."

Naitoi akakaa, akaanza kujaza hati ya mzee Saning'o, aliyekuwa ametuma habari za ng'ombe wake asubuhi. Mara mzee mwenyewe akaingia.

"Takwenya!"

"Iko," Naitoi akaitikia salamu hiyo ya Kimaasai, akatoa mikono kwenye mashine na kumgeukia. Mzee akauliza watoto, akauliza ng'ombe, akauliza maji na majani, naye akaulizwa vivyo hivyo. Kubonyezabonyeza huku mzee anakusalimu ni kumdharau, na Naitoi hakulelewa hivyo. Salamu zilipofika kwenye mvua, mashine ikajifunga, kioo kikazima. Hati yote, iliyokuwa haijatunzwa, ikapotea.

Zamda akaangua kicheko, akijicheka mwenyewe. Korogwe watu hupanga foleni dirishani, wakapewa karatasi, wakaondoka. Mwendo huo ndio aliouweka kwenye sidii.

"Meneja, kosa ni langu, na dawa ninayo."

Akabadilisha: mashine itunze yenyewe kila kinachoandikwa, na isijifunge mpaka karani aiamuru. Akaanza kuijaza hati upya kwa mkono wake.

"Na wewe binti," Saning'o akamgeukia, "kwenu hawajambo?"

Zamda akaachia mashine. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akamweleza habari za mama yake, za shamba, za mahindi yaliyoliwa na ngedere, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Hati ilikuwa bado inawasubiri. Ikachapwa, mzee akaichukua, akatoka kuwahi mnada.

"Mashine inabaki," Jabiri akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini Korogwe usiibadilishe. Kule hatuna nafasi ya salamu ndefu."

"Nabadilisha kote, meneja. Korogwe wakishindwa kusalimiana, isiwe kwa sababu yangu."