Ukurasa wa Koplo Sebagabo

"Hata karatasi moja, Mama? Hata picha?"

Mama Umurerwa hakuinua kichwa. Alikuwa amekifudikiza kibuyu cha maziwa juu ya majani yanayofuka, akikigeuza polepole ili moshi uingie kila upande. Bila moshi ule maziwa huchacha mapema, na maziwa yaliyochacha hayana mnunuzi hapa Muheto.

"Kulikuwa kitabu yake ya jeshi," alisema. "Na muhuri, na picha yake. Niliichoma mimi mwenyewe, chini ya vibuyu kama hivi. Ile mwaka ya tisini na sita wenye bunduki walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Wakikuta karatasi ya jeshi, njo kifo yako hiyo. Hawaulize iko ya vita gani."

Madamu Verdiane alifunga daftari lake. Alikuwa mwalimu wa historia kwenye sekondari ya kijiji, na saa zake za mapumziko alizitoa bure kwa ensaiklopedia ya mtandaoni, ambako alikuwa mmoja wa wahariri wachache wenye ruhusa ya kufuta kurasa. Mumewe alikuwa akimcheka kwamba amepata kazi ya pili isiyolipa, kama vile ya kwanza inalipa.

Baba yake Mama Umurerwa, Koplo Sebagabo, alitoka huku kwa miguu kwenda kupigana na Waitalia Abisinia mwaka 1941, akarudi na kipande cha chuma pajani. Tuyizere, mjukuu wa mama huyu aliyeko chuoni Goma, alimwandikia ukurasa humo. Mhariri mmoja wa mbali, Jean-Claude, akaubandika tangazo: hakuna vyanzo, ufutwe. Siku saba za mjadala zilikuwa zinaisha leo, kura zimelingana, na wa kukata shauri alikuwa Verdiane.

"Mimi mutoto wake nasema. Haitoshi?"

"Kwetu inatosha, Mama. Kule wanataka yenye iliandikwa."

"Nani angeandika? Wazungu walikuwa wanaandika majina ya wazungu." Alikohoa, moshi ulimwingia. "Kaburi yake iko kule juu kwenye tulitoka tukikimbia. Sasa iko shamba ya muntu. Tuyizere alinionyesha jina ya baba mu telefone, nikasema sawa, hata nikikufa leo atakuwa na pahali. Usimutoe, Madamu."

Verdiane aliaga akapanda kilimani nyuma ya kanisa, mahali pekee penye mtandao. Aliliandika jina la Sebagabo kwenye kisanduku cha kutafutia, mara ya tano wiki hiyo, safari hii pamoja na jina la kilima chao cha zamani. Likatokea mahali pengine, nje ya ukurasa wake.

Lilitokea katika ukurasa wa kamanda mmoja wa waasi, yule yule aliyechoma nyumba za kilima kile na kuwakimbiza watu wake. Ukurasa wake ulikuwa mrefu: mahali alipozaliwa, vyeo alivyojipa, picha yake amevaa miwani, na tanbihi arobaini na moja chini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema watu, na husema hivyo kwa sababu hawajawahi kudaiwa tanbihi. Moja ya hizo arobaini na moja ilikuwa na jina la Sebagabo, ikaongoza kwenye ripoti ya wachunguzi, na ndani ya ripoti ulikuwamo mstari mmoja juu yake. Haukusema lolote juu ya Abisinia.

Kudanganya kungekuwa rahisi. Kitabu cha kubuni cha wamisionari, mwaka 1958, ukurasa wa 73. Nani angekwenda kukitafuta? Alikwisha kuandika nusu ya jina la kitabu alipomkumbuka Uwingabire, mwanafunzi wake wa mwaka wa sita, ambaye alimpa sufuri kwa kosa hilo hilo, mtoto akalia mbele ya wenzake. Akalifuta jina la kitabu. Kisha akabonyeza neno Futa, na ukurasa ukaondoka bila kelele yoyote. Alijichukia. Aliichukia na ile kanuni, hasa kwa kuwa hakuweza kuliona kosa lake.

Mama Umurerwa alikuwa bado nje Verdiane alipomrudia.

"Nimeifuta, Mama. Unisamehe."

Mama alisafisha mdomo wa kibuyu kwa kidole, ingawa ulikuwa safi.

"Lakini jina yake niliikuta pahali pengine," Verdiane alisema. "Mu habari za ule kamanda mwenye alichoma kwenu." Akamsomea mstari ule, akiutoa kwenye Kifaransa: boma la marehemu Sebagabo limechomwa, ng'ombe kumi na wawili wamechukuliwa.

"Na ukurasa ya ule kamanda, mutaifuta?"

"Hapana. Yeye iko na vyanzo."

Mama alitikisa kichwa, taratibu, kama aliyelijua jibu.

"Kumi na mbili, wanasema? Ni bongo, wanadanganya. Ilikuwa ng'ombe kumi na tisa. Andika majina yao, Madamu. Bihogo. Gitare. Gaju, na mutoto yake…"

Alikunja kidole kwa kila jina. Verdiane alikuwa ameshika simu mkononi, na kule mtandaoni hakukuwa na mahali pa kuyaandika. Kwenye jina la sita mama alisita, akatazama vilima. Midomo yake ilitafuta, isipate. Akavifungua vidole vyote, akaanza upya na Bihogo.