Alama ya Jicho

Abdia alikuwa akipima maziwa sokoni Garsen pale Dahabo alipompigia simu.

"Abdia, maji yamekata barabara mbele ya Tarasaa. Waambie watu wasipande magari."

Dahabo ni mtu wa swala tano, na tangu wajuane Abdia hajamshika na uongo hata mmoja. Basi hakusita. Alifuta mikono kwa leso, akafungua simu, akabonyeza jicho.

Jicho hilo lilikuwa kazi ya binti yake, Kadra. Msichana alisomea kompyuta Mombasa, akarudi nyumbani na kuwatengenezea wasafiri programu ya simu, ili mto ukifurika, abiria ajue kabla hajatoka kwake kama gari litafika Malindi au litalala njiani. Mwingine angejaza maandishi. Kadra aliweka picha mbili tu, jicho na sikio. Aliyeona mwenyewe hubonyeza jicho. Aliyeambiwa hubonyeza sikio. Habari ya sikio husubiri. Ya jicho hulia papo hapo kwenye simu za watu wote, pamoja na jina la aliyeona. Ndivyo Waorma wanavyopeana habari wakikutana malishoni: hujamaliza kusema mvua imenyesha wapi, umeshaulizwa, umeona au umesikia? Abdia, aliyeishia darasa la saba na kumlea mtoto huyo peke yake tangu baba yake azikwe, aliitazama programu ile kama mtu anavyomtazama ng'ombe wake akinywa maji.

Ila ilikuwa bado kwenye majaribio. Silas, mwenyekiti wa madereva, alikuwa ametoa sharti mbele ya watu: "Ikitudanganya mara moja tu, binti, tunaifuta. Sisi tunakula kwa magurudumu haya."

Simu zikalia steji nzima, hapo kando ya soko. Madereva wakazima magari. Teresia, aliyekuwa akimpeleka mama mkwe wake hospitali Malindi, akamshusha bibi wa watu polepole, wakaenda kuketi kwenye baraza ya duka. Abdia akawatazama, akasema moyoni, alhamdulillahi, mtoto wangu amewaokoa hawa.

Haukupita muda, lori likaingia kutoka upande wa Malindi. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mbona mmelala? Kuna mgomo?"

"Si ni maji, huko Tarasaa!" dereva mmoja akamjibu.

"Maji gani? Nimepita huko sasa hivi. Yako mashambani. Barabarani hakuna hata tope la kuchafua kiatu."

Silas akageuka taratibu. "Kadra yuko wapi?"

Kadra alikuwa tayari anakuja, simu mkononi. Hakwenda kwa Silas. Alinyoosha moja kwa moja hadi penye maziwa.

"Mama, umebonyeza jicho?"

"Nimebonyeza."

"Uliona?"

"Dahabo kaniambia. Dahabo hasemi uongo, wallahi, unamjua."

"Na Dahabo aliona?"

Abdia akapiga simu palepale. Dahabo kaambiwa na mkwewe. Mkwewe kaambiwa na mtu aliyepita na punda. Mtu wa punda, hakuna amjuaye.

"Basi aliyeona ni punda!" makanga mmoja akasema, na watu wakaangua kicheko. Kisha akamsogelea Kadra, akashusha sauti. "Dada, sema mtandao ulisumbua. Nani atajua?"

Abdia aliyasikia. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kwamba ushahidi wa uongo ni dhambi kubwa, na bado, Mungu amsamehe, moyo wake ulisema: sema hivyo, mwanangu, iokoe kazi yako. Kadra akaweka kidole juu ya kioo.

"Mama, nitaliandika jina lako."

Hakuomba ruhusa, wala hakukwepesha macho. Abdia akajikuta anaitikia kwa kichwa.

Simu zikalia tena. Teresia akasoma kwa sauti: "Abdia hakuona. Alisikia. Barabara ya Malindi inapitika. Tumewakosea, mtuwie radhi. Mimi Kadra." Abdia alipoitazama simu yake, jicho lilikuwa limeondolewa. Limebaki sikio peke yake la kubonyeza.

Silas aliishika simu mbali na uso, akasoma, akarudia kusoma. "Umemwanika mama yako mzazi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbele ya soko?"

"Jina la aliyekosea ni lazima litoke. Hata lingekuwa langu."

Silas akawageukia madereva wake. "Mmesikia? Huyu hakumfichia aliyemnyonyesha. Sasa nani kati yenu anadhani atafichiwa?" Akairudisha simu mfukoni. "Haifutwi. Washeni magari."

Teresia alimpandisha mama mkwe wake kiti cha mbele, akachungulia dirishani. "Mama Kadra! Siku nyingine vaa miwani!"

"Nitavaa, mwanangu. Nendeni salama."

Uso wa Abdia ulikuwa unawaka, na wanawake wenzake walikuwa bado wanacheka chini ya shela zao. Akawaacha wacheke. Alinyoosha mgongo, akavuta dumu karibu, akaendelea kuuza. Mwanamke mgeni, aliyetoka Kau, akanyoosha kikombe chake na kuuliza, "Huyo Abdia aliyetangazwa ni nani?"

Abdia akammiminia mpaka maziwa yakamwagika ukingoni.

"Ni mimi," akasema. "Na aliyenitangaza nimemzaa mwenyewe."