Kimo cha Mkata Mboga

Saa nne asubuhi, wateja wa mchana hawajaanza kuingia, mkata mboga alikuwa amemaliza vitunguu na kugeukia karoti, akiwa amesimama juu ya kreti mbili za soda. Wiki iliyopita ilikuwa moja. Katika mkahawa ule, kila mara meneja alipomkaripia mtu, mtu huyo alipungua kimo kwa upana wa kidole, na meneja akarefuka kiasi hicho hicho. Hakuna aliyeshangaa. Meneja alikuwa mtu wa mipango: alinunua kreti, akashusha misumari ya kutundikia miiko, akaagiza aproni za saizi ya watoto, na juu ya kiti chake akatoboa dari ili kichwa kipate pa kukaa.

"Mimi siachi mfanyakazi wangu ateseke," alisema kutoka huko juu.

Zamani jikoni palikuwa na mpishi mkuu, mama wa maneno machache, ambaye kazi ikizidi alikunja mikono akaosha vyombo na wenzake. Enzi zake hakuna aliyepungua hata ukucha. Alistaafishwa kwa sababu fomu ya meneja haikuwa na safu ya kusaidia.

Mkata mboga hakusumbuliwa na kreti. Kilichomkosesha raha ni binti yake wa miaka minne, ambaye kila jioni alimkuta amelala kwa jirani, akambeba mgongoni hadi nyumbani. Tangu Jumatatu miguu ya mtoto ilikuwa inaburutika chini. Kidole kimoja tu zaidi, asingeweza kumbeba tena.

Siku hiyo meneja aliinama kutoka darini.

"Nakupandisha cheo. Wewe ndiye msimamizi wa jikoni. Ukiona kosa, karipia. Ukikaripia, kimo kinarudi. Si una mtoto wewe?"

"Ninaye, bosi."

"Basi."

Saa saba mkahawa ukafurika. Mzee wa vyombo, ambaye siku hizi aliosha akiwa amesimama ndani ya sinki lenyewe, aliangusha sahani kumi na moja kwa mpigo. Mzee akavua kofia.

"Haya mwanangu, anza na mimi. Mtoto anakusubiri. Ila karipia taratibu, nisije nikateremka na maji machafu."

Watu wakacheka, kisha wakaacha.

Mkata mboga alifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, makali, yamepangana mdomoni. Alimtazama mzee aliyesimama na kofia mkononi, povu likimfika kiunoni. Akateremka kwenye kreti, akachukua ufagio.

"Baba, wewe endelea na glasi, huku nafagia mimi. Mpishi, sahani zimepungua, supu ipakuliwe kwenye bakuli. Wote tusaidiane, jamani, watu wana njaa."

Chakula kikatoka. Mteja wa meza ya dirishani akaomba aongezwe. Mchana kutwa hakuna aliyepungua.

Saa kumi meneja alimwita ofisini, akamsomea ripoti: sahani kumi na moja, makaripio sifuri.

"Nilikuamini," alisema, akaanza kumkaripia kwa utaratibu, sahani baada ya sahani, bila kupandisha sauti, akitia alama ya vema kila alipomaliza moja. Alipofika ya kumi na moja, mkata mboga aliiona meza ya ofisi kwa upande wa chini.

"Kesho utakuta kreti tatu," meneja alimwambia. "Hapa hatumtupi mtu."

Kwa jirani alibisha hodi kwa kiganja, mlango ukafunguliwa.

"Leo wamekupunguza sana, mwenzangu," jirani alisema, akampisha.

Binti alikuwa macho. Alimtazama mama yake kuanzia utosini hadi miguuni, na safari ya macho haikuwa ndefu. Kisha akageuka, akachuchumaa, akapeleka mikono nyuma kama alivyozoea kumwona mama akifanya.

"Panda."

Mama akapanda. Mtoto aliyumba hatua mbili, akatengemaa, wakashika njia.

"Kesho unaenda tena kazini?"

"Naenda, mwanangu."

"Haya, nishike vizuri."